Swichi ya Nyuma

Gari la wagonjwa la Nanyamba lililetwa Jumanne,
Oktoba, korosho zimejaa maghalani,
na jua la Chikongola limekaa juu ya bati langu
kama mdai.

Dereva, Ausi Nangumbi, alishuka na sweta.
Sweta! Mtwara!
"Fundi, kiyoyozi kizima. Nesi tu analalamika."

Nesi hakusema neno.
Editha Chitanda, gauni limemganda mgongoni,
alifungua mlango wa nyuma, akanionyesha kitanda kwa kidevu
kama unavyomwonyesha mwizi dirisha alilopitia.

Watu hudhani baridi hutengenezwa.
Hakuna kiwanda cha baridi.
Kuna joto, na kuna kulihamisha.
Kompresa moja, kule mbele, inazungushwa na mkanda wa injini,
inaikaba gesi mpaka inapandwa na moto;
kwenye kondensa upepo wa barabara unaituliza,
inakuwa majimaji.
Hapo njia inagawanyika.
Bomba fupi linaingia dashibodini, kwa wakubwa.
La pili linalala chini ya sakafu,
linapigwa kokoto toka Nanyamba mpaka Ligula,
linapanda ubavuni hadi darini
penye sega la pili, feni ya pili,
na valvu yenye tundu jembamba kama la sindano.
Gesi ikipenya hapo inatanuka, inapoa,
inatafuta joto la kula.
Inakula la abiria. Inakula la homa.
Kisha inarudi mbele na shehena yake, ikaitue nje.

Moyo mmoja, matumbo mawili.
Bomba likitoboka popote, yote mawili yanalala njaa.
Kwa hiyo mbele kukiwa na baridi, gesi ipo.
Nilijua hivyo. Bado nililala chini na povu la sabuni,
nikapaka kila kiungo,
maana kutafuta tundu ni heshima zaidi kuliko kutafuta mtu.

Nikafungua dari. Filta ilikuwa blanketi:
vumbi jekundu, pamba, uzi wa kanga.
Nikaisafisha. Feni haikuzunguka.
Fyuzi nzima. Relei nzima.
Nikaufuata waya kwa vidole
kama asomaye barua asiyotaka kuimaliza,
ukanileta mbele,
chini ya usukani, karibu na goti la dereva:
kiswichi, picha ya feni, mshale umeelekea nyuma.
Kimezimwa.

"Inakula nguvu," alisema Ausi. "Mlimani gari linakohoa."
"Tangu lini?"
"Tangu ulipolitengeneza."

Aliyepoa hamjui aungulaye.
Nilitaka kumwambia hivyo, nikakumbuka daftari.
Septemba tisa, mwandiko wangu:
*Nyuzi saba. Safi.*
Nilipima mbele.
Nilikaa kiti cha dereva, vioo juu,
nikaridhika,
nikasaini kwa niaba ya chumba ambacho sikukiingia.

"Juzi," Editha alisema mwishowe,
"mama wa Kitaya. Nilimpepea kwa kadi yake ya kliniki
mpaka kadi ikalegea."
"Na mtoto?"
"Mtoto yupo. Kadi ndiyo haisomeki."

Nikavuta waya mita nne, nikatoboa bati
pembeni ya kiti cha nesi, nikafunga swichi ya taa ya chumbani
iliyobaki nilipojenga.
Nikalala kitandani, mikanda kifuani, nikabonyeza.
Feni ikapiga chafya ya vumbi.
Nilihesabu mpaka mia mbili na kumi
ndipo jasho likakata kidevuni.
Ni nyingi, mia mbili na kumi, ukiwa umefungwa mikanda.

Bili: swichi moja, waya mita nne. Ufundi —
hapo niliacha wazi.

Chini ya gari maji yalikuwa yanadondoka mahali pawili.
Kuku wa jirani alikuja na vifaranga sita,
akaruka dimbwi la mbele,
akaenda kunywa la nyuma.